Barua ya wazi kwa wanaopanga mitihani na udahili: tazameni kwanza ratiba zenu

Kwa wakuu wa shule za sekondari, wakuu wa bodi za mitihani na maofisa wa udahili wa vyuo vikuu,

Kijana wa miaka 17 akifeli, swali la kwanza huwa ni kama alisoma. Sisi tunaosahihisha madaftari yake na kukaa naye anapojaza fomu za chuo tunaomba na swali la pili liulizwe: ratiba aliyopewa ilimruhusu kusoma? Mengi yanayoitwa uvivu, woga au kukosa malengo yanazaliwa na tarehe, fomu na kanuni, na hizo mnazipanga ninyi. Barua hii inataja zipi zibadilike, kwa kiasi gani, na kwa nini.

Tuanze na mtihani wa majaribio. Shule nyingi huuweka wiki tatu au nne kabla ya mtihani wenyewe. Usahihishaji unakula wiki mbili, karatasi zinarudi na jumla nyekundu juu ya ukurasa wa kwanza, na mwanafunzi anabaki na siku chache zisizotosha hata kurudia mada mbili. Mtihani wa namna hiyo ni utabiri tu. Unamwambia atapata ngapi, kisha unamfungia mlango wa kubadilisha jibu hilo. Ufanyeni wiki 10 hadi 12 kabla ya mtihani wa mwisho, usahihishwe ndani ya siku 10, na urudishwe darasani swali kwa swali. Najua pingamizi litakalokuja: mtaala utakuwa haujaisha. Sawa, haujaisha. Tungeni maswali juu ya kile kilichokwisha kufundishwa. Karatasi inayopima robo tatu ya mtaala mapema ina faida kuliko karatasi inayopima mtaala mzima wakati maji yamefika shingoni.

Karatasi ikisharudi, alama zilizopotea zipangwe kwa sababu, na kazi hiyo aifanye mwanafunzi mwenyewe, mwalimu akipita kukagua. Sababu zinatosha tano: hakujua, alijua akasahau, hakuelewa swali linataka nini, muda ulimwishia, au aliteleza njiani kwa kunakili namba vibaya au kuacha kipimo. Chukueni mfano wa mwanafunzi aliyepata 52 kati ya 100. Katika zile 48 zilizopotea, tuseme 11 hakujua, 9 alisahau, 14 hakulielewa swali, 10 muda uliisha na 4 aliteleza. Shule ikimwona ana 52 inamweka kwenye vipindi vya ziada, afundishwe upya mada zote. Dawa hiyo inatibu zile 11 na pengine sehemu ya zile 9. Alama 24 za kutoelewa swali na kuishiwa muda zinabaki palepale, kwa sababu hakuna kipindi cha ziada kinachozigusa.

Kutoelewa swali kunafundishika kwa wiki mbili. Maneno ya amri katika mitihani si mengi: taja, eleza, linganisha, tofautisha, jadili, tathmini. Anayeambiwa “tofautisha” mara nyingi huandika aya nzima juu ya kitu cha kwanza, kisha aya nzima juu ya kitu cha pili, na msahihishaji analazimika kutafuta tofauti peke yake, kazi ambayo mwongozo wa usahihishaji haumruhusu kuifanya. Kila hoja inatakiwa iguse pande zote mbili katika sentensi moja au mbili. Anayeambiwa “tathmini” anaorodhesha faida na hasara kisha anaweka kalamu chini bila kutoa uamuzi. Na wapo wanaojaza ukurasa kwa swali la alama 2. Wapeni wanafunzi mwongozo halisi wa usahihishaji pamoja na majibu matatu ya kweli yaliyofutwa majina, moja la alama za juu, moja la katikati na moja la chini, wayasahihishe wenyewe. Bodi za mitihani zinayo majibu hayo makabatini. Kuyachapisha kila mwaka, pamoja na ripoti ya watahini inayosema hasa watahiniwa walikosea wapi, kungewafikia wanafunzi wengi kuliko semina yoyote.

Muda nao ni hesabu. Karatasi ya saa 3 ina dakika 180. Toa 10 za kusoma maswali na kuchagua, toa 10 za kupitia mwishoni, zinabaki 160. Karatasi ikiwa na alama 100, kila alama inapata dakika 1 na sekunde 36, na swali la alama 15 linapata dakika 24. Dakika ya 24 ikifika, mwanafunzi aache nafasi na asonge mbele, kwa kuwa alama za mwanzo wa swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko alama ya mwisho ya swali la zamani. Hesabu hii ifanyike kwa kila karatasi, iandikwe kwenye kadi, na izoeleke kwa saa ya ukutani angalau mara nne kabla ya siku yenyewe. Anayeijua kwa kusikia tu huisahau mara anapokutana na swali analolipenda.

Sasa kusoma kwenyewe. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha vipimo alivyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba usahaulifu ni mkali mwanzoni kisha hupungua kasi. Tangu hapo suala la kugawa marudio limepimwa tena na tena. Utafiti wa Nicholas Cepeda na wenzake wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba pengo zuri kati ya kusoma na kurudia linategemea umbali wa mtihani: mtihani ukiwa wiki moja mbele, pengo la siku moja au mbili linafaa, ukiwa karibu mwaka mmoja mbele, pengo la wiki kama tatu ndilo lililozaa zaidi. Kusoma kwa zimamoto kunafaulisha jaribio la Ijumaa na kumwangusha mwanafunzi mwisho wa mwaka. Jaribio la Ijumaa linampa kila mtu, mwalimu akiwemo, picha ya uongo.

Dawa yake haina gharama. Jaribio la wiki likiwa na maswali 10, matano yatoke wiki hii, matatu mwezi uliopita, mawili muhula uliopita. Lisahihishwe na wanafunzi wenyewe, alama zisiingie kwenye ripoti. Mkifanya hivyo tu, bila kingine chochote kilichomo katika barua hii, mtakuwa mmewapa wanafunzi wenu zaidi ya kile wanachopata kwenye kambi za masomo za mwezi wa mwisho.

Tunasisitiza majaribio kwa sababu kujiuliza maswali kunajenga kumbukumbu, siyo kuipima tu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena, wengine waliviandika kwa kukumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Hapo ndipo penye mtego. Kusoma tena kunampa mtu hisia ya kujua, kwa kuwa maandishi yanafahamika machoni, na hisia hiyo ndiyo inayomwambia afunge daftari. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujisomea. Mbili tu walizipa daraja la juu, kujipima na kugawa marudio. Kupigia mistari, kurudia kusoma na kuandika muhtasari ziliwekwa chini. Tembeleeni darasa lolote la kujisomea usiku mhesabu kalamu za rangi.

Usiku huo wenyewe unatuleta kwenye jambo ambalo shule nyingi hulionea fahari. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kilisema vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Chukueni shule ambayo masomo ya usiku yanaisha saa 4:00, taa zinazimwa saa 4:30, na kengele ya alfajiri inalia saa 10:30. Hizo ni saa 6, kama mtoto alilala taa ilipozimwa, jambo ambalo ni nadra, maana katika umri huo saa ya mwili husogea mbele na homoni ya usingizi huchelewa kupanda. Kumwambia alale mapema hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kumwacha alale asubuhi. Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na jimbo la California likapitisha sheria mwaka 2019, iliyoanza kutumika 2022, ya kuzuia sekondari za juu kuanza kabla ya saa hiyo.

Hatuwaombi mbadilishe sheria. Ondoeni kipindi cha alfajiri katika wiki 8 za mwisho, ambazo ndizo shule huzitumia kuongeza vipindi. Somo lililosomwa saa 11 alfajiri na mtoto anayesinzia limelipiwa mara mbili: halikuingia, na limekula usingizi ambao ungesaidia la jana kukaa. Waelezeni pia kuhusu kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini huchukua takribani saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 10 jioni bado kina nusu yake saa 3 usiku.

Kuhusu woga tutakuwa wafupi, kwa sababu yapo mengi yanayosemwa na machache yanayosimama. Mnamo 2011 jarida maarufu la sayansi lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kuandika hofu zako kwa dakika 10 kabla ya mtihani kunapandisha alama. Mbinu hiyo ilisambaa shuleni. Mwaka 2018 kundi la watafiti lilirudia tafiti 21 za sayansi ya jamii, huo ukiwemo, na kwa utafiti huo halikuyapata matokeo yaleyale. Kwa hiyo mnapoalikwa kulipia mzungumzaji wa kutia moyo mwenye njia ya dakika 10, wekeni fedha hizo kwenye karatasi za mazoezi. Woga mwingi wa mtihani hupungua kwa mazoea: ukumbi uleule, meza ileile yenye namba, ukimya uleule, mara tatu au nne kabla. Anayebaki na woga mkali unaomzuia kula au kulala kwa zaidi ya wiki mbili hahitaji hotuba, anahitaji mshauri au daktari, na shule inapaswa kujua jina la mtu huyo kabla msimu haujaanza.

Ukumbini, wasimamizi wafundishwe la kufanya mtahiniwa anapoanza kutetemeka au kupumua haraka. Atolewe nje na msimamizi mmoja, avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6 kwa dakika mbili au tatu, muda wa kutoka na kurudi uandikwe kwenye fomu ya matukio ili bodi iweze kuamua kuhusu muda uliopotea. Tatizo la kawaida ni kwamba haukuandikwa, kisha miezi miwili baadaye mzazi anakata rufaa bila ushahidi wowote. Saa ya ukutani ionekane kutoka kila meza. Kuwe na kikokotoo cha akiba, kalamu za akiba, na pedi za akina dada mahali ambapo msichana hahitaji kumwomba msimamizi wa kiume. Joto nalo si jambo dogo: uchambuzi wa mitihani ya sekondari iitwayo Regents, iliyofanywa katika jiji la New York, ulionyesha kwamba alama hushuka siku za joto kali. Karatasi ya hisabati ikipangwa saa 8 mchana katika ukumbi wenye bati bila dari, tayari mmeshakata alama kabla ya swali la kwanza.

Kwa bodi za mitihani tuna maombi matatu, nayo yote ni ya ratiba. Mtahiniwa asiwe na karatasi zaidi ya mbili kwa siku, wala zaidi ya tatu katika siku mbili mfululizo. Mseto wa masomo unaochukuliwa na wengi unajulikana tangu usajili, hivyo mgongano unaweza kuonekana kwenye kompyuta miezi sita kabla. Maombi ya muda wa ziada kwa wenye uoni hafifu, ugumu wa kusoma au ulemavu wa mkono yafungwe miezi 4 kabla na yajibiwe ndani ya mwezi mmoja, ili mtoto afanye mtihani wa majaribio kwa muda uleule atakaopewa. Muda wa nyongeza ya robo, yaani dakika 45 juu ya saa 3, usipozoewa huvuruga mpango wa mtu badala ya kumsaidia. Tatu, orodha ya majina ya usajili ipelekwe kwa wazazi mwaka mmoja kabla, ikaguliwe herufi kwa herufi dhidi ya cheti cha kuzaliwa. Jina lililoandikwa kwa “y” mahali pa “i” halimsumbui mtu hadi siku ya kuomba mkopo, na siku hiyo marekebisho huchukua wiki ambazo hazipo.

Tugeukie chuo. Hapa kosa kubwa hutokea miaka miwili kabla ya fomu kufika, mwanafunzi anapochagua masomo. Anayeacha hisabati akiwa na miaka 15 amefunga milango ya uhandisi, takwimu, na kozi nyingi za uchumi na kompyuta, na mara nyingi hakuna aliyemwambia. Anayeacha kemia ameaga udaktari na ufamasia. Siku ya kuchagua masomo kila mwanafunzi apewe karatasi inayoonyesha kila somo linafungua nini na kuliacha kunafunga nini, na mzazi aitie sahihi. Sahihi hiyo haina nguvu ya kisheria, ila inahakikisha karatasi imesomwa na watu wawili.

Baada ya hapo kila mwanafunzi anahitaji mazungumzo matatu ya dakika 30 na mwalimu mshauri: wakati wa kuchagua masomo, mwaka mmoja kabla ya kuomba, na wiki mbili baada ya mtihani wa majaribio. Kwa wanafunzi 120, mzunguko mmoja ni saa 60. Mwalimu akipewa vipindi vya saa 6 kwa wiki, anamaliza kwa wiki 10. Shule inayosema haina mshauri mara nyingi inaye. Ana vipindi 28 vya kufundisha, na ushauri ni kitu anachotakiwa kufanya akiwa anatembea kuelekea ofisini.

Mazungumzo ya pili ndiyo yenye uzito. Maswali yake ni ya kawaida sana. Kazi gani anaifanya bila kusukumwa? Somo gani anaweza kulivumilia kwa miaka minne hata siku linapochosha? Nani analipa, na kiasi gani? Akikosa daraja moja au mawili, atakwenda wapi? Atakayesema “udaktari” aulizwe amewahi kuona siku nzima ya kazi ya daktari, na kama udaktari haukupatikana ni nini anachokipenda ndani yake: wagonjwa, biolojia, au heshima ya jina. Majibu hayo matatu yanaelekea kwenye kozi tatu tofauti, na mzazi aliyeketi pembeni kwa kawaida huwa anafikiria la tatu. Majina ya kozi nayo yanadanganya. Kozi mbili zenye neno “afya” zinaweza kutoa mtu wa maabara na mtu wa takwimu. Asome orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili, na akitembelea chuo azungumze na mwanafunzi wa mwaka wa pili, siyo wa kwanza. Wa kwanza bado yuko kwenye furaha ya kufika.

Orodha yake iwe na kozi mbili za juu ya alama anazotarajia, mbili au tatu zinazolingana nazo, na moja au mbili za uhakika. Ya uhakika lazima iwe kozi ambayo angekwenda kweli. Wengi huandika kitu chochote kwenye mstari wa mwisho kwa kuwa hawadhani kitawafikia, kisha kinawafikia.

Maofisa wa udahili, mstari huo unategemea kanuni yenu, na kanuni hiyo mmeifanya siri bila sababu. Kuna namna mbili kuu za kugawa nafasi kwa pamoja. Ya kwanza hutazama chaguo la kwanza la kila mtu, hujaza nafasi, hufunga, kisha huenda kwenye chaguo la pili kwa nafasi zilizobaki. Katika mfumo huo mwenye alama 80 aliyethubutu kuweka kozi ngumu namba moja akaikosa anaweza kukuta chaguo lake la pili limejaa watu wa alama 70 walioliweka la kwanza. Uthubutu unaadhibiwa, na wazazi wenye habari za ndani hupanga orodha ya uongo. Boston ilitumia mfumo wa aina hiyo kwa shule zake za umma hadi ilipouacha mwaka 2005, na sababu ilikuwa hiyohiyo. Namna ya pili waliieleza wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley mwaka 1962. Chuo hushikilia waombaji wake bora kwa muda tu. Aliyekataliwa kwingine anapokuja na alama za juu zaidi, wa chini yake huachiwa aende kwenye chaguo lake linalofuata, na hakuna nafasi inayofungwa hadi mizunguko yote iishe. Hapo kuweka ndoto namba moja hakumgharimu mwombaji kitu, na ushauri sahihi ni mmoja: panga kwa jinsi unavyopenda. Shapley na Alvin Roth walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 kwa kazi iliyotokana na wazo hilo.

Sasa oneni hali ya mwalimu mshauri. Ushauri ulio sahihi katika mfumo mmoja unamwumiza mwanafunzi katika mwingine, na yeye hajui yumo katika upi. Tangazeni kanuni kwenye ukurasa mmoja, na mfano wa waombaji watano na nafasi tatu. Semeni pia idadi ya machaguo inayoruhusiwa, kwa sababu hata mfumo wa Gale na Shapley hupoteza usalama wake mwombaji anapobanwa kuandika kozi nne tu: aliyeandika nne ngumu anaweza kutoka mikono mitupu. Kama kompyuta inaweza kupokea machaguo 10, pokeeni 10.

Kwa kila kozi tunaomba pia masomo yanayotakiwa na daraja la chini kwa kila moja, idadi ya nafasi, idadi ya walioomba, na alama za aliyeingia wa mwisho kwa miaka mitatu mfululizo. Sifa za chini za kuomba na alama za kuingia ni vitu viwili, na wanafunzi huvichanganya kila mwaka. Mwenye sifa za chini anadhani ana nafasi. Wekeni na gharama nzima ya mwaka: ada, usajili, malazi, chakula, usafiri, vifaa, mafunzo kwa vitendo. Kozi yenye ada ndogo na mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu mbali na chuo huwa ghali kuliko inavyoonekana. Mwisho, tarehe ambayo ithibati ya kozi inaisha, na kama bodi ya taaluma husika inaitambua. Chuo kinaweza kuwa na ithibati na kozi yake mpya ikawa haina.

Fomu ya mkopo au ufadhili isiachwe iwe kazi ya nyumbani. Nchini Marekani, utafiti wa Eric Bettinger na wenzake uliochapishwa 2012 ulisaidia familia za kipato cha chini kuijaza fomu ya msaada wa masomo papo hapo, zilipokuja kutayarisha hesabu za kodi. Wanafunzi waliokuwa wakimaliza sekondari na waliopata msaada huo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukamilisha miaka miwili ya chuo, asilimia 36 badala ya 28. Familia zilizopewa maelezo pekee bila kusaidiwa kujaza hazikubadilika. Kwa hiyo kipeperushi hakitoshi. Tengeni Jumamosi mbili, kompyuta, intaneti na mtu anayeijua fomu, na mzazi aambiwe wiki tatu kabla alete nini: vyeti, namba za vitambulisho, uthibitisho wa kipato, akaunti ya benki. Kinachokwamisha fomu nyingi ni nyaraka moja iliyosahaulika nyumbani.

Kupata nafasi si kufika. Kati ya barua ya udahili na siku ya kuripoti kuna miezi ambayo shule imeshamuaga mwanafunzi na chuo hakijampokea. Hapo wanapotea watu wenye alama nzuri, kwa kukosa kuthibitisha nafasi, kulipa amana au kupeleka cheti cha daktari. Watafiti Benjamin Castleman na Lindsay Page waliopima tatizo hilo nchini Marekani walijaribu kutumia ujumbe mfupi wa simu wenye tarehe na hatua moja kila mara. Ujumbe 8 au 10 unatosha, na orodha ya tarehe mnayo tayari.

Imebaki wiki ya matokeo. Msibandike majina na alama ukutani. Kila mwanafunzi apate yake kwa faragha, saa za asubuhi, siku ya kazi, si Ijumaa jioni ambapo ofisi zinafungwa na kijana aliyekata tamaa anabaki na simu yake hadi Jumatatu. Shuleni wawepo watu wawili: anayejua tarehe za mwisho za kuomba usahihishaji upya, ada yake na kozi zenye nafasi wazi, na mwingine aliyefunzwa kuzungumza na mtu aliyevunjika moyo. Walimu waliomfahamu mtoto kwa miaka minne wanajua ni nani hasa wa kupigiwa simu kwanza. Majina hayo yaandikwe kabla ya matokeo, na kila mmoja apigiwe siku hiyohiyo hata kama hakuja. Akisema lolote linalogusa kujidhuru, asiachwe peke yake wala asiambiwe asubiri miadi, na mlezi ajulishwe saa ileile. Namba ya simu ya shule iliyoandikwa kwenye karatasi ya matokeo iwe inapokelewa na mtu hadi saa 4 usiku, kwa siku tatu za kwanza.

Wenu katika kazi,

Walimu na washauri wa wanafunzi wa sekondari